Kioski cha Nne Kilijibu Jumamosi

Kwa mwezi mmoja hivi nilitembea kutoka Kawangware hadi Mashimoni, Kibera, karibu kila siku, kwenda kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Wakati huo sikujua kwamba hakijaharibika. Nilijua tu kwamba nikifika asubuhi kinafanya kazi, na nikigeuka kuondoka kinakufa, na kwamba watu walikuwa wameanza kuniangalia kama mtu anayetafuta kisingizio cha kuja Kibera.

Labda nilikuwa nakitafuta kweli. Nimepanga vyumba kumi na kimoja katika mji huu, na kila nikihama najiambia nimepata pahali pa kutulia, kisha baada ya mwaka miguu inaanza kuniwasha. Sasa naishi Kawangware, lakini ukiniuliza kwangu ni wapi nitakutajia Laini Saba, hapo hapo Kibera. Nilifika huko nilipomaliza kidato cha nne, na cheti ambacho hakuna aliyekitaka, nikalala miaka mitatu chini ya meza ya fundi wa redio. Alikuwa mtu wa Machakos kama wazazi wangu, na alifundisha kwa matusi. Mojawapo ya amri zake ilihusu kapasita, vile vikopo vidogo vinavyoshika umeme kidogo na kuuachilia. Kikopo kikifa na huna saizi yake, weka kikubwa zaidi. "Kidogo kitarudi hapa kesho kikilia," alisema. "Kikubwa kitarudi mwaka ujao." Redio zote za upande ule wa reli zilikuwa na kapasita kubwa kuliko zilizozaliwa nazo, na ziliimba.

Mashimoni kuna kikundi kinachouza maji katika vioski sita. Kila kioski kina boksi la plastiki ukutani lenye bodi ndani yake. Mteja anagusisha tokeni yake, bomba linafunguka, mtungi unajaa. Vioski vyote vimeungwa kwa waya mbili tu, zimesokotwa pamoja, zinazopita juu ya mabati kutoka ofisi iliyo kando ya tangi, zinaingia kioski cha kwanza, zinatoka, zinaingia cha pili, hivyo hivyo mpaka cha sita karibu na mto. Boksi kubwa la ofisini huuliza kwa zamu. Wa kwanza, umetoa maji kiasi gani? Wa kwanza hujibu. Wa pili? Wa pili hujibu. Swali na jibu hupita katika waya zile zile, kwa hiyo ni mmoja tu anayeweza kusema kwa wakati mmoja, na wengine wote hunyamaza na kusikiliza. Kioski kikikaa mizunguko kadhaa bila kuulizwa, hujifungia maji chenyewe, ili maji yasitoke bila kujulikana. Taa ya kijani dirishani inakuwa nyekundu, na aliyeweka mtungi chini ya bomba anaanza kutukana.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeitwa kuweka balbu ofisini. Wiki hiyo hiyo mvua iliingia kwenye boksi la kioski cha tatu, nalo likazimika. Waliouza mashine walisema wasubiriwe. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja asiyependa kusubiri, akaniuliza, "Si wewe ni fundi wa redio?" Nikasema ndiyo. Nilibeba boksi hilo hadi chumbani kwangu Kawangware, nikasafisha bodi kwa spiriti, nikabadilisha kapasita moja iliyokuwa imevimba, kisha nikalirudisha Jumapili jioni. Likafanya kazi. Mzee wa kioski cha tatu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilijiona kijana.

Jumatatu mchana kioski cha nne kikanyamaza.

Kwa vile mvua ilikuwa imenyesha tena, kila mtu alidhani maji yamekiingia kama yalivyokiingia cha tatu, na mimi nilidhani hivyo pia. Nilifungua boksi. Lilikuwa kavu kabisa. Nililibeba hadi Kawangware, nikaliwasha mezani, likafanya kila nililoliambia. Kesho yake asubuhi nikalirudisha, taa ikawa ya kijani, nikanywa chai. Ilipofika saa sita na nusu, jua limepiga mabati, taa ikawa nyekundu.

Mwenye kioski cha nne alikuwa mama kutoka Magharibi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kwa miaka sita alikuwa kwenye orodha ya kikundi akingoja kioski, na miaka hiyo yote alikuwa akiwabebea watu maji mgongoni hadi milangoni mwao. Kikundi kilikuwa na sheria moja isiyochezewa: kioski kikikwamakwama kwa mwezi mzima, ufunguo unakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Hakunieleza hayo kwa kulia. Aliniambia huku akifuta dirisha lililokuwa safi tayari.

"Mwezi unaisha Jumapili ya mkutano," alisema. "Fundi, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Sitaki unisikie. Nataka ujue iko na nini."

Sikujua. Nilibadilisha waya kutoka cha tatu hadi cha nne. Nilikaza kila skrubu. Mwishowe nilibadilishana maboksi: la tano nikaliweka kwa mama, la mama nikaliweka kwa tano, na viswichi vidogo vinavyoliambia boksi namba ya kioski chake nikavipanga upya. Boksi la mama lilifanya kazi vizuri sana kule kwenye tano. Boksi la tano, lililokuwa zima tangu mwanzo, likanyamaza mchana lilipokuwa kwa mama. Nilisimama pale na bisibisi mkononi nikahisi kichwa kimejaa pamba. Ikiwa boksi ni zima, na waya ni mpya, basi ni nini kilichobaki? Ukuta?

Waliokuwa kwenye foleni walikuwa na jibu.

"Hapo ndio pamerogwa," alisema mwanamke mmoja mwenye mitungi miwili ya manjano. "Si mashine."

"Mathe, maji yako imeenda likizo?" kijana wa boda boda akapiga kelele kutoka nyuma.

"Twende kwa tatu. Kule maji inaogopa Mungu."

Wakacheka, kwa sababu mzee wa kioski cha tatu ni mtu wa Sabato, na hata bombani hakubali mtu aseme neno chafu. Mama aliwafungia tokeni zao kwenye kitambaa na kuwaambia warudi asubuhi.

Jumamosi wanawake wa kanisa la mama walikuja kumwombea. Walichagua Jumamosi kwa kuwa Jumapili wana ibada yao wenyewe. Walikuja saa tano na ngoma moja, wakaingia wawili wawili mle ndani kwa sababu hamtoshi watu, wakaweka mikono juu ya boksi. Mimi nilikuwa nje na tepu yangu ya waya nikijisikia mpumbavu. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Taa ikabaki ya kijani. Watu wakachota mpaka jioni. Wanawake wakapiga ngoma tena, mmoja akanicheka usoni: "Fundi, weka vyuma vyako ndani ya mfuko." Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini. Niliona afadhali uchawi uliotolewa kuliko kitu nisichokielewa.

Jumapili saa saba mchana taa ikawa nyekundu.

Nadhani hiyo ndiyo siku niliyochanganyikiwa zaidi. Nilitembea kurudi Kawangware nikahesabu nguzo za stima njiani kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mtoto, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Nilikuwa na mazoea ya kuhama jambo likinishinda, na usiku huo nilikuwa nimekwisha kuwaza chumba kingine, mtaa mwingine, labda Ruiru. Asubuhi nikajikuta tena Mashimoni.

Jumamosi iliyofuata sikuja na vifaa. Nilikaa tu juu ya mtungi uliopinduliwa mbele ya kioski cha nne. Hapakuwa na maombi siku hiyo. Saa sita, kijani. Saa nane, kijani. Mama alinitazama, nikamtazama.

"Leo umefanya nini?" aliuliza.

"Sijafanya kitu."

"Hata wale wamama hawajakuja."

Wakati huo mzee wa kioski cha tatu akapita njiani akirudi kutoka kanisani, suti ya kahawia, kitabu kwapani. Akatusalimia na kuendelea. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kioski chake, ambacho kilikuwa na kufuli. Jumamosi hauzi. Hataki hata taa iwake mle ndani, na kila Ijumaa jua likielekea kuzama huzima swichi kuu kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo nilikuwa nimelijua miezi mingi. Sikuwahi kuliweka karibu na hili lingine.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mkutano. Mkutano ulikuwa saa tisa. Saa saba taa ya mama ikawa nyekundu kama kawaida, nami nikaenda kwa mzee.

"Mzee wangu, naomba uzime hiyo mashine dakika mbili."

"Nizime? Huoni foleni?"

"Dakika mbili tu."

"Jana nilikuwa nimezima siku nzima, hukuniomba."

"Ndiyo sababu nakuomba leo."

Akazima huku akinung'unika. Kutoka kwenye dirisha la nne sauti ya mama ikaja juu ya vichwa vya watu: "Imewaka! Imewaka kijani!" Nikamwambia mzee awashe. Muda si mrefu: "Imerudi nyekundu!" Tukafanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu mzee alibaki na kidole juu ya swichi.

"Sasa mchawi ndiye mimi?" aliuliza polepole.

"Hapana, mzee. Nifungulie boksi nione."

Kwenye kila bodi kuna chipu ya miguu minane inayoshughulika na zile waya mbili, na kando yake kuna kitaa kidogo kinachowaka boksi linaposema. Nilikuwa nimevitazama vitaa hivyo mwezi mzima. Cha kioski cha tano humeta mara moja tu, kama mtu anayepepesa jicho. Cha mzee kilimeta, kisha kikakaa. Si kwa muda mrefu. Chini ya muda wa kusema "moja". Lakini kilikaa. Na karibu na kitaa hicho ilikuwa kapasita niliyoiweka mimi, nono, inang'aa, mara kumi ya ile niliyoitoa.

Sikuelewa yote mara moja, na sidai naelewa yote hata sasa. Nilichoelewa, nikiwa nimechuchumaa mle ndani huku mzee akinipumulia shingoni, ni hiki. Boksi linapotaka kusema hushika laini. Likimaliza linapaswa kuiachilia, ili mwingine asikike. Kikopo kile kidogo kilichovimba hakikuwa cha kulisha umeme kama vile vya redio. Kilikuwa kinapima muda wa kushika. Nilipoweka kikubwa, niliongeza muda huo. Kwa hiyo wa tatu alijibu vizuri, akasikika vizuri, kisha akaendelea kuishika laini akiwa hana la kusema. Na boksi kubwa la ofisini, ambalo halina subira, likipata jibu la tatu lilikuwa likimuuliza wa nne pale pale. Swali likakanyagwa njiani. Wa nne hakujibu kwa sababu hakuulizwa. Kufika zamu ya tano laini ilikuwa imekwisha kuachiliwa, na maisha yakaendelea. Kwa nini asubuhi ilipita na mchana ikakwama? Nafikiri joto la mabati liliongeza kidogo muda huo. Nafikiri. Fundi wangu wa redio hakunifundisha hayo, na siwezi kumuuliza; alirudi Machakos na huko ndiko aliko kaburini.

Nilimwambia mzee natafuta kifaa, narudi. Sikumwambia zaidi.

Laini Saba si mbali. Nilifuata reli, nikapita pale ilipokuwa meza ya fundi wangu. Siku hizi ni duka la vioo vya simu, na dada aliyeko hapo hajui kwamba kuna mtu aliwahi kulala pale palipo sakafu yake ya mbao. Mlango wa tatu kuna fundi wa chaja. Nilichambua bodi zake zilizokufa ndani ya ndoo mpaka nikapata kapasita yenye namba ile ile ya kikopo nilichokitoa, akanipa bila kuuliza. Nikatoka nayo mkononi.

Nilisimama kwenye reli kwa muda. Jambo lilikuwa rahisi mno. Ningerudi, nibadilishe kikopo, nifunge boksi, niseme nimepata waya mbovu. Mama angebaki na kioski chake. Mzee angeniheshimu. Foleni ingeniita fundi wa kweli. Hakuna mtu mle Mashimoni angeweza kujua, na wale waliouza mashine hawakuwa wamekuja hata siku moja. Upande mwingine wa reli kulikuwa na njia ya kwenda Kawangware. Nilijiuliza ni nini hasa ninachokiogopa.

Nilirudi. Nilibadilisha kikopo cha mzee mwenyewe akitazama. Kitaa kikameta na kuzimika, kama jicho. Taa ya nne ikawa ya kijani. Saa ilikuwa tisa na robo, na wanachama walikuwa ofisini tayari.

Nilipoingia, mama wa nne alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, ufunguo wake umewekwa juu ya meza. Anayefuata kwenye orodha, mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ameketi karibu na meza hiyo akiangalia chini. Mwenyekiti alikuwa anasema kwamba sheria haina adui wala rafiki.

"Samahani, mwenyekiti," nilisema. "Kioski cha nne hakikuwa kibovu."

"Kama si kibovu, kwa nini kimekuwa kikijifunga mwezi mzima?"

"Ni mimi nilikifunga."

Wakadhani natania. Nikaeleza: kapasita, kikopo kikubwa, laini iliyoshikwa, swali lililokanyagwa. Niliona kwenye nyuso zao kwamba nawapoteza, kwa hiyo nikasema kwa kifupi. "Nilipotengeneza cha mzee nilikosea. Kosa langu likawa linamziba mama. Nimelitoa sasa hivi. Nendeni mtazame."

Wakaenda wote, hata yule mwenye mtoto. Walisimama mbele ya taa ya kijani kwenye jua la alasiri kama watu wanaongoja itoroke. Mwenyekiti alichota mtungi mzima mwenyewe kujihakikishia. Kisha akautoa mfukoni ufunguo aliokuwa ameuchukua mezani, akamwekea mama mkononi, akaniangalia kwa jicho ambalo sikulielewa na silielewi mpaka leo. Mwanamke mwembamba alisema, "Haya, basi," akamvuta mtoto juu mgongoni na kuondoka. Sikuwa nimemfikiria yeye hata kidogo. Nilimwona akipinda kona.

Mama wa nne hakunishukuru. Nilingoja kidogo, nakiri.

"Kwa hivyo mwezi mzima natukanwa," alisema, "na ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unakuja hapa kila siku unakunywa chai yangu."

"Sikujua, mama."

"Naona hukujua. Lakini wao walinitukana wakijua wanachofanya." Alifungua mlango wa kioski. "Kesho saa sita uwe hapa. Utakaa kwa dirisha. Kila mtu akikuja, umwambie. Mmoja mmoja. Mimi siwezi kuanza kuzunguka Mashimoni nikisema sijarogwa."

Jumatatu saa sita nilikuwa ndani ya kioski, kichwa kikigusa mabati, yeye amekaa nyuma yangu juu ya kiti akichambua sukuma wiki. Wa kwanza alikuwa yule kijana wa boda boda.

"Niaje, mathe amehama?"

"Yuko. Nataka kukuambia kitu. Maji yalikuwa yanakwama kwa sababu yangu. Nilitengeneza boksi la tatu vibaya. Hapa hapakuwa na shida."

Akanitazama, akatazama taa. "Kumbe sisi tunasema ni majini na ni buda tu na solda yake." Akainama kumwona mama nyuma yangu. "Mathe, pole. Ile ya likizo ilikuwa jokes."

"Jaza uende," alisema mama.

Wa pili hakujali. Wa tatu alitaka nimweleze tena tangu mwanzo, na nilipomaliza akasema bado anaona ni wale wamama na ngoma yao. Nikaendelea. Kila nilipolisema jambo hilo liligeuka kidogo, mara likawa la kuchekesha, mara likawa la aibu, na sikujua ni lipi lililo la kweli. Mwanamke wa mitungi miwili ya manjano alifika wakati nimeinama kuokota tokeni iliyoanguka. Alichota haraka, akaubeba mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akaondoka.

"Huyo hujamwambia," alisema mama bila kuinua macho kutoka kwenye mboga.

"Atarudi kesho."

"Huyo ndiye alisema pamerogwa. Atakuwa amefika kwa watu kumi kabla ya kesho."

Nikatoka kwa mlango mdogo wa pembeni, nikaruka mtaro, nikaingia kwenye kichochoro nikimkimbilia, nikipaza sauti: "Mama! Mama wa mitungi! Ngoja nikusaidie huo mmoja, kuna jambo nataka nikueleze!"